Mzaramo Mbele ya Magurudumu

Kama kulikuwa na mtu katika wilaya nzima ya Tabora aliyefaa kubaki nyumbani siku ya kununua gari, mtu huyo ni Hilari. Hasira zake zilikaa karibu mno. Mwezi wa Mei alifika kwenye yadi ya Bwana Nanji pale Kanyenye, akaambiwa pikapu ya kijani ni shilingi elfu tatu na mia nne. Akauliza kama magurudumu yake ni ya dhahabu, akasonya, akapiga teke ndoo ya maji iliyokuwa imemkalia kimya, akaondoka. Aliporudi wiki ya pili, amejikaza na kuvaa uso wa unyenyekevu, bei ilikuwa elfu tatu na mia sita, na ndoo imewekwa juu ya rafu asiyoweza kuifikia kwa mguu.

Sasa ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa hamsini na tatu, na Hilari alikuwa anajiandaa kwenda mara ya tatu. Mkewe Veneranda alimtazama akifunga vifungo vya koti, naye akachukua kanga yake.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Mjini, na wewe."

"Kufanya nini? Wewe unajua nini habari za magari?"

"Sijui lolote. Nakwenda kukushika shati."

Majirani walikuwa wameambiwa kwamba gari ni la asali. Si uongo. Hilari alikuwa na mizinga mingi porini kuliko mtu yeyote wa upande ule, na asali na nta yake ilikwenda stesheni kwa mkokoteni wa ng'ombe, maili ishirini na moja, siku nzima ya kumezwa na vumbi. Pikapu ingemfaa sana. Lakini wao wawili walijua kwamba asali ilikuwa ya kuwaambia watu. Katika mvua za mwaka juzi binti yao wa kwanza, Imakulata, alishikwa na uchungu ukakataa kuisha, wakampakia kwenye mkokoteni ule ule wa asali kumpeleka hospitali ya mjini. Ng'ombe hawakuijua haraka. Imakulata alifariki kabla hawajaliona paa la kanisa la Kipalapala, yeye na mtoto wake tumboni. Wakamrudisha, wakamzika katika mvua, watu wachache, kaburi limejaa maji, kila mtu anataka kumaliza. Tangu siku hiyo jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani, ingawa wao wenyewe waliendelea kuitwa Baba Imakulata na Mama Imakulata kama kawaida.

Sasa mdogo wake, Bernadeta, alikuwa amekuja kujifungulia kwao, na mimba ilikuwa ya miezi minane. Hilari hakuwa na raha tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Alitaka gari liwe limesimama mlangoni kabla mwezi mwingine haujaandama. Fedha alizokuwa nazo, miaka sita ya kuuza nta pamoja na akiba aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma, ambako jeshi lilimfundisha kuendesha malori, zilikuwa elfu mbili na mia tano, na hazikuwa na ndugu.

Walitembea, wakalala njiani, wakafika yadini kesho yake jua limeshachangamka. Bwana Nanji alikuwa ndani akinywa chai. Yule Mhindi alizaliwa Tabora, nyuma ya soko, na Kinyamwezi alikijua vizuri kuliko Wanyamwezi wengi waliokulia mjini. Alipomwona Hilari, macho yake yalikwenda kwanza kwenye rafu kuhakikisha ndoo iko salama.

"Mwangaluka, Mzee Hilari. Shikamoo, mama," alisema. "Leo mtahudumiwa na karani wangu mpya. Mimi daktari amenikataza kelele."

Karani mpya alitoka kivulini. Alikuwa bwana mmoja mwembamba aitwaye Selemani, ameshuka kwenye treni ya Dar es Salaam wiki mbili tu zilizopita, amevaa koti la kahawia na tarbushi nyekundu, na maneno yalimtoka kama mtu aliyelipwa kwa kila neno. Aliisifia pikapu ile kuanzia taa hadi bamba la nyuma. Alisema injini yake inanong'ona. Alisema bodi yake mbao za mvule, hailiwi na mchwa. Alisema bei ya elfu tatu na mia sita ni ya kuona haya, kwamba yeye mwenyewe anaona haya kuitaja.

Mshipa wa shingo ya Hilari ulianza kusimama. Veneranda akashika shati.

"Kwetu Kisarawe," Selemani akaendelea, "gari kama hili likipita watu huacha kula wakatoka nje."

Hilari akamgeukia. "Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo wa kuzaliwa?"

"Kwani kuna wa kununuliwa?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili Hilari akatabasamu. Alinyoosha mkono, akaivua ile tarbushi kichwani mwa karani, akaivaa mwenyewe. Kisha akachukua kikombe cha chai cha Selemani kilichokuwa juu ya boneti, akanywa hadi akafikia majani.

"Haina sukari," alisema. "Uchoyo wenu haujawatoka tu."

Selemani alipigwa na butwaa kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu uso wote ukamfunguka. "Loo! Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Wiki mbili niko nchi ya watani zangu na hakuna hata mmoja aliyenitukana! Nilidhani mmekufa!"

Mambo hayo yalianza zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwa Wazaramo na pembe za ndovu mabegani kuelekea pwani, wakizozana, wakilishana na kuzikana njiani. Tangu hapo ni watani. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya kofia, kula chakula chako, hata kuzuia mazishi yenu mpaka mmpe kitu. Kisichoruhusiwa ni kimoja tu, kukasirika. Anayekasirika amejifedhehesha, na faini atalipa.

Na hapo ndipo Veneranda alipogundua jambo ambalo miaka ishirini na sita ya ndoa haikumfunulia: mumewe akipewa ruhusa ya kutukana, hana hasira hata kidogo. Aliachia shati.

"Nilikujua mapema," Hilari alisema, akiizunguka pikapu na tarbushi kichwani. "Nilipoona mtu kasimama kivulini anasifia kitu kisicho chake, nikasema huyu babu yake alikuwa akikaa njiani kudai hongo kwa wapita njia."

"Na mimi nikikuona unapapasa chini ya gari, nikasema Mnyamwezi anatafuta mahali pa kulishika alitwike kichwani! Litwike, bwana. Wazee wako walibeba pembe hadi Bagamoyo, wewe ushindwe na pikapu?"

"Nikilibeba mimi tutafika upesi kuliko likinibeba lenyewe. Huu mlango mbona umefungwa kwa waya?"

"Si waya. Ni kipini, gari la kike hilo."

"Na hapa chini linavuja maji."

"Linalia. Limeuona uso wako."

"Honi hailii."

"Ina adabu. Haipayuki mbele ya watu wazima, kama wengine tunaowajua."

Watu walianza kukusanyika. Wapagazi wa stesheni waliweka mizigo chini. Bi Zamda wa Gongoni, aliyekuwa akikaanga vitumbua ng'ambo ya barabara, aliweka mikono kiunoni asikose neno. Bwana Nanji alisogea mlangoni na kikombe chake. Kelele alizokatazwa na daktari zilikuwa zinamwingia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba katika kundi lile walikuwamo watu wawili waliokuja kuulizia magari, nao walikuwa wakisikia habari za waya, maji na honi bila kulipia chochote.

"Elfu tatu na mia mbili!" aliita. "Mzee Hilari, chukua, mwende mkatukanane kwenu."

"Ngoja kwanza, Bwana Nanji, sijafika kwenye matairi," Hilari akajibu kwa upole ambao hata yeye ulimshangaza. "Selemani, haya matairi yana upara tangu lini?"

"Tangu yaliposikia yatapelekwa kwenu. Mawazo yaliyanyonyoa."

"Elfu mbili na mia tisa!" alisema Bwana Nanji.

Wakaingia injini. Hilari alifungua boneti, akachungulia, akamwita kila mpagazi kwa zamu aje kuchungulia, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, ingawa wengi wao hawakujua walichokuwa wakikitazama. Selemani aliapa kwamba moshi ule mweusi ni uvumba. Bei ilishuka tena, kisha tena, mpaka Bwana Nanji akatua kikombe chini na kusema elfu mbili na mia nne na hamsini, bila tairi la akiba, tairi la akiba ni shilingi mia moja na ishirini mbali, na atakayesema neno jingine kuhusu gari lake atamwagiwa chai.

Hilari alitazamana na mkewe. Veneranda aliinamisha kichwa kidogo. Tairi la akiba waliliacha, maana baada ya kulipa ingebaki hamsini tu ya petroli na ya kuendelea kuishi. Fedha zikahesabiwa, risiti ikaandikwa, na Hilari akapanda pikapu yake, Veneranda kando yake. Mbele ya watu wale wote asingekiri, lakini alikuwa na furaha ya kutaka kulia. Alipiga moto. Injini ilikohoa, ikafikiri, ikakubali.

Alipotazama mbele, Selemani alikuwa amelala chali vumbini, mbele ya magurudumu, mikono juu ya kifua.

"Hongo!" alisema Selemani akiwa amefumba macho. "Karani wa Nanji kamaliza kazi yake. Sasa anazungumza Mzaramo. Wazee wako walipita kwetu wakatoa nguo na shanga. Wewe umepita kwangu, utatoa shilingi mia."

Watu walishangilia. Hilari naye alicheka, akatoa shilingi mbili. Selemani hakufumbua hata jicho. Hilari akatoa tano, akaongeza ahadi ya chupa ya asali. Selemani alishuka hadi themanini, akapumzika, akashuka hadi sitini. Yale mazungumzo ya bei ya gari yakaanza upya, ila sasa Hilari hakuwa na kitu mkononi. Ile hamsini ilikuwa petroli. Petroli ilikuwa Bernadeta. Jambo hilo hakuweza kulisema mbele ya kundi la watu wanaocheka, na kwa vile hakuweza kulisema, lilianza kupanda lenyewe. Mshipa ukasimama. Mguu wake ukawa unakanyaga mafuta na kuachia, na injini ikawa inanguruma. Wapagazi wakaanza kuhesabu faini yake kwa sauti, maana faini ya mtani aliyekasirika ni tamu kwa kila mtu.

Veneranda alishuka garini. Alikwenda mpaka mbele, akasimama kando ya yule Mzaramo, akamtazama vizuri kuanzia unyayo hadi utosi. Kisha akavua kanga yake ya juu, akamfunika gubigubi, akaweka mikono kichwani.

"Mayo weee!" alipiga yowe lililofika sokoni. "Njooni! Mtani wetu amekufa! Mzaramo wetu ametutoka!"

Bi Zamda hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliacha karai la vitumbua motoni, akavuka barabara akijipiga kifua. "Selemani! Jana ulikula vitumbua vyangu bila kutafuna! Leo nani atalimaliza karai langu?" Wapagazi wakaja kwa foleni, vichwa vimeinama. Na kwa kuwa mali ya mtani aliyekufa huliwa na watani zake, mmoja alimvua kiatu cha kulia, mwingine cha kushoto, wa tatu akachomoa kalamu mfukoni. Kanga ilitikisika kidogo pale kalamu ilipotoka, lakini Selemani alikuwa mtani wa kweli. Maiti akisema ameshindwa. Alilala kimya, akavuliwa hadi soksi.

"Mfiwa ni nani?" Bi Zamda akauliza.

"Kafia kwa Nanji," alijibu mpagazi mmoja.

Wote wakamgeukia Bwana Nanji.

"Mimi simo!" alisema Bwana Nanji. "Mimi mtani wa nani?"

"Kafia mlangoni pako, tena kazini," alisema Bi Zamda. "Maiti haondoki hapa mpaka watani wapewe haki yao."

Lori la misheni lilikuwa limesimama nyuma ya kundi, na nyuma yake mikokoteni miwili. Wale watu wawili waliokuja kuulizia magari walikuwa wameketi kwenye ngazi ya duka wakilia kwa kicheko. Bwana Nanji, kwa kuwa ni mtoto wa Tabora, alijua kwamba katika msiba wa aina hii mfiwa anavyozidi kubisha ndivyo gharama inavyozidi. Aliingia ndani, akatoka akisukuma tairi la akiba, akalilaza miguuni pa marehemu.

"Na jeki," alisema Bi Zamda.

Jeki ikaletwa.

Kicheko kilikuwa kikubwa hata mtu angeweza kukisikia kutoka Gongoni. Hilari alikuwa amejiinamia kwenye usukani, hasira zimeyeyuka, machozi ya kucheka yanamtiririka. Kwa hiyo alichelewa kusikia kwamba mkewe hakuwa amenyamaza.

Veneranda alikuwa amepiga magoti vumbini. Sauti yake ilikuwa imeshuka na haikuwa na mchezo ndani yake. "Ng'ombe walikuwa wanakwenda polepole," alikuwa akisema. "Niliwachapa, mwanangu. Niliwachapa mpaka fimbo ikavunjika. Imakulata, mama, niliwachapa." Alikuwa akiyumba mbele na nyuma, mkono umekamata upindo wa kanga ile.

Watu walinyamaza mmoja mmoja. Hilari alizima injini. Siku ile ya mvua mkewe hakulia. Alishika mwavuli juu ya padre kitabu kisilowe, ndilo alilofanya, na Hilari alimshukuru moyoni kwa ujasiri wake, mjinga yeye, miaka miwili akidhani ni ujasiri. Alishuka, akaenda kuchutama kando yake. Hakujua pa kuweka mikono yake.

Selemani aliketi, kanga ikiwa bado kichwani.

"Imakulata ni nani?" aliuliza taratibu.

Hilari alimweleza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema jambo hilo kwa mtu yeyote, akalisema lote: mkokoteni, mvua, mtoto, na huyu mdogo wake anayesubiri nyumbani. Halikuwa refu kama alivyofikiri.

Selemani aliikunja miguu yake mitupu. "Na mtani wenu nani alikuwepo?" aliuliza.

"Hakuwepo mtu. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Nani aliingia kaburini akakataa kutoka? Nani aliwachekesha?"

"Hakuna."

"Mkamzika mtoto kavukavu hivyo, na Wazaramo tupo?" Sasa alikuwa amekasirika yeye, waziwazi, na hakuna aliyethubutu kumtaja faini. Alisimama, akamrudishia Veneranda kanga, akamfunga mwenyewe mabegani. Akalinyanyua tairi la akiba, akalitupia nyuma ya pikapu, na jeki juu yake, kisha akapanda, akaketi juu ya tairi.

"Selemani!" aliita Bwana Nanji. "Na kazi?"

"Nimekufa, bwana. Umeshalipa."

Bwana Nanji alimtazama Veneranda. Halafu akaingia ndani akatoka na debe la petroli, akalipachika nyuma bila kutaja bei, akarudi dukani kwa haraka kama mtu aliyekamatwa akifanya kosa.

Walifika kijijini jua likiwa bado juu. Bernadeta alitoka mlangoni, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia, watoto wa jirani wakipiga vigelegele kulizunguka gari. Kabla ya kusalimiana na mtu, Hilari aliligeuza likaelekea mjini, akafunga breki, akaweka jiwe kwenye gurudumu. Ndipo yeye, Veneranda na Selemani wakaenda kaburini kwa Imakulata, nyuma ya nyumba.

Selemani aliutazama msalaba wa mti, akavua koti. Akalala chini kando ya kaburi, mikono juu ya kifua.

"Hapa hatoki mtu," alisema. "Ninyi mmeficha msiba miaka miwili. Nataka haki yangu. Shilingi kumi."

"Ishirini," alisema Hilari.

Selemani alifumbua jicho moja. "Nimesema kumi."

"Mwanangu wa kwanza huyu. Ishirini."

"Kumi na mbili, na sipandi zaidi. Usinidhulumu, Mnyamwezi."

"Ishirini, au ulale hapo hapo fisi wakukute."

"Kumi na tano!"

"Kumi na tisa!"

Veneranda alijaribu kujizuia akashindwa. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, akalazimika kuketi, akaketi hapo hapo juu ya majani, mkono mmoja kwenye udongo wa kaburi, akawaacha wanaume wale wawili wapigane bei mpaka walipokubaliana kumi na nane.